Turubai la Shemeji Idi

Turubai lenyewe lilikuwa la kufunikia magunia ya alizeti, la bluu, limezibwa kiraka kwenye kona moja. Shemeji yangu Idi alilitundika juu ya miti minne uani kwetu Ipagala, akashusha pande zote mpaka chini, akaweka mabenchi mawili ndani. Ulikuwa mwaka wa korona, ile iliyokuja mara ya pili, mvua zimekolea na watu wako kwenye palizi. Kila siku baada ya swala ya alasiri, sufuria kubwa ya pilau za harusi ililetwa ikitokota, imejaa mwarobaini, majani ya mpera, mchaichai, malimau na tangawizi. Wanaume waliingia kwanza. Wakitoka wametapakaa jasho, tunaingia wanawake. Tunakaa magoti yanagusana, mlango unafungwa, mmoja anakoroga, mvuke unapanda, tunakohoa sote. Kila anayekohoa anapongezwa kwamba ugonjwa unamtoka.

Ulikuwa unatoka kweli. Ulikuwa unatoka kwa mmoja unaingia kwa mwingine.

Mimi ni Mwajuma, nimeishia darasa la saba, sina maneno ya kidaktari. Ila tangu nipone, watu wananijia: mama, hili la kupumua lilianzaje, ulikuwa unasikiaje, ulifanyaje. Nimechoka kusimulia na kulia, nimeona niandike mara moja, atakayetaka asome. Na majina nitayataja. Binti yangu Hadija amenisihi nisitaje, anasema, "Mama, watu wataongea." Waongee. Waliongea wakati baba yake anatafuta hewa, sasa ni zamu yangu.

Wa kwanza ni Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikwenda mazikoni Kibakwe, akarudi na kikohozi kikavu, cha kama mtu anapasua kuni. Akaja turubaini hivyohivyo.

"Bi Tatu, hicho kifua vipi?" nikamwuliza.

"Vumbi la njiani tu."

"Vumbi, na mvua hizi?"

"Basi ni baridi ya milimani. Mwajuma nawe, udaktari umesomea lini?"

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Akakaa ubavuni pangu, akaniegemea bega kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Alikohoa mpaka tunatoka. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Akaja akapona zake, akanenepa, mpaka leo anauza maandazi yake asubuhi.

Mimi nilianza na pua. Nilikuwa nimesimama juu ya sufuria ya maharage, mwiko mkononi, nikasikia mume wangu anapiga kelele kutoka kibarazani, "Mwajuma! Unachoma nini huko?" Nikatazama chini, maharage yameshikana na kuwa meusi, moshi umejaa mpaka dari. Sikunusa kitu. Nikachukua kitunguu nikakikata, nikakiweka puani. Hakuna. Nikacheka, nikamwambia Shabani mafua haya mwaka huu yana nguvu.

Shabani alikuwa fundi cherehani. Msimu ule watu walikuwa hawashoni nguo, kwa hiyo alishona barakoa za vitenge, akazitundika kwenye kamba kibarazani kama samaki wa kukausha. Ya kwake aliivaa kidevuni. Ukimwambia apandishe anasema, "Nikifunga mdomo uzi nitauuma na nini?" Miaka yote alikata uzi kwa meno. Mkasi uko mbele yake, anauma.

Usiku tunalala kitanda kimoja, chandarua kimoja. Alichonipa Bi Tatu mimi nikakipeleka kitandani bila kujua. Hilo silisemi kwa kujilaumu, nalisema ili ujue njia yake. Gonjwa hili halipitii kwa maadui. Linapitia kwa mtu anayekuegemea bega, na kwa mtu unayelala naye.

Homa ilimshika siku chache baada yangu. Mimi yangu ilikuwa ya mifupa, kama nimepigwa na mchi mwili mzima, lakini nilikuwa natembea. Yeye alishona mshono mmoja wa barakoa akaacha katikati, akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda mikono juu ya magoti. Hakulala tena vizuri baada ya hapo. Akilala anashtuka anakaa. Mabega yanapanda na kushuka, kidevu kimeinuliwa juu, kama mtu ambaye maji ya korongo yamemfika shingoni.

Sasa nimtaje wa pili, shemeji Idi. Yeye ndiye kaka mkubwa. Baba yao alikufa Shabani akiwa mdogo, Idi akamtoa Kondoa, akamleta mjini, akamlisha, akampeleka kwa fundi kujifunza, akamnunulia cherehani yake ya kwanza. Kwa hiyo kwa Shabani neno la Idi lilikuwa neno la baba. Na turubai alilitundika kwa moyo mweupe, nikatae nini. Hakumtoza mtu hata senti, alisema anatafuta thawabu. Ndiyo maana hasira yangu kwake haina pa kukaa. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika.

Asubuhi ile nilikwenda chumba cha mbele. Walikuwa wamekaa kikao: Idi, mwanawe mkubwa Athumani, na wazee wawili wa msikitini.

"Shikamoo shemeji. Mimi nasema Shabani apelekwe hospitali leo."

"Marahaba. Mwajuma, na wewe unaumwa, kalale."

"Nitalala akishapanda gari."

"Hospitali!" Idi akapiga goti lake. "Watu wanaingia kwa miguu yao wanatoka wamefunikwa shuka. Hata kuwaosha wenyewe hatupewi. Hapa yupo na ndugu zake, anafukizwa, anasomewa dua. Huko ana nani?"

Athumani akasema kwa upole, "Mama mdogo, wazee wa Kondoa tumewapigia, wako njiani. Wakifika tutaamua wote."

"Wanakuja wamebeba hewa?"

"Chunga ulimi, Mwajuma," Idi akasema.

Nikarudi chumbani. Nikapiga magoti mbele ya mume wangu, nikamshika miguu, ilikuwa ya baridi. "Baba Hadija, sema mwenyewe. Ukisema twende, nakubeba mgongoni. Twende?"

"Kaka," akasema, akavuta pumzi. "Akisema." Akavuta tena. "Twende."

Nikarudi kumwambia Idi kwamba Shabani anamsubiri yeye tu aseme. Idi akasema afukizwe mara moja tena, jasho likimtoka atapata nafuu, na wazee watakuwa wamefika. Wakamshika makwapa wakamwingiza turubaini. Nilisimama nje nashikilia mti mmoja kwa sababu miguu yangu nayo ilikuwa inakwisha. Nasikia sufuria inakorogwa. Namsikia Idi mwenyewe ndani, anamwambia mdogo wake, "Vuta, Shaba, vuta, utapona." Halafu benchi likaanguka.

Hadija alifika wakati huo na mumewe Musa, na pikapu ya kazini kwa Musa. Mkwe kwetu haingilii mambo ya ukoo wa mkewe, anakaa pembeni, anaagizwa maji. Musa siku ile hakumsalimia mtu. Aliinua pande la turubai, akaingia, akatoka amembeba baba mkwe wake kama mtoto, amelowa jasho na mvuke. Wazee wale wawili wakasimama, mmoja akasema, "Kijana, heshima." Musa akajibu, "Heshima nitairudisha baadaye, mzee." Mungu amlipe yule kijana. Alikuja amechelewa, lakini hakuna aliyemwita mapema.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la barazani. Mvua inapiga bati hata jina lako hulisikii likiitwa. Watu wamejaa, kila mmoja anakohoa ameinama, na wote tunajifanya hatuangaliani. Neno korona hakuna aliyelitamka pale. Wanasema changamoto ya kupumua, wanasema nimonia, wanasema kifua. Muuguzi akaja na kile kibanio cha kupimia hewa mwilini, akambana Shabani kidole, akatazama, akabana kingine, akafikiri labda kimeharibika. Halafu akamwita mwenzake kwa sauti.

"Mlikuwa wapi siku zote?" akatuuliza.

Mimi nilitaka kumwambia: tulikuwa kwenye kikao. Sikuwa na pumzi ya kusema yote hayo.

Wakaleta kitanda cha magurudumu. Shabani akanishika kanga, akanivuta nisogee. Nilidhani ananiambia neno.

"Cherehani," akasema. "Umeifunika? Mvua."

"Nimeifunika."

Sikuwa nimeifunika. Wakamsukuma kwenda wodi ya wanaume. Nikataka kumfuata, nikaona sakafu inakuja, na mimi wakanibana kidole.

Wodini siku zangu sikuzihesabu kwa jua, maana dirisha lilikuwa nyuma yangu. Nilizihesabu kwa sindano za tumboni, moja asubuhi moja jioni, mpaka ngozi ya kitovu ikawa ya rangi ya zambarau. Na kwa mitungi. Mtungi wa hewa ukikaribia kuisha unaanza kupiga filimbi nyembamba, na kila mgonjwa anageuza shingo kuona ni wa nani. Walinilaza kifudifudi. Nimeolewa, nimezaa, nimelima, sijawahi kujua kwamba kulala kwa tumbo ni kazi ya kutoa jasho. Kwenda chooni hakukuwepo, nililetewa beseni kama mtoto, na ile aibu ya siku ya kwanza siku ya pili haikuwepo.

Kitanda cha jirani alikuwa Mama Ndahani, Mgogo wa Gulwe, mkulima, mwanamke mnene mwenye sauti nene. Yeye alikuwa anapata nafuu. Ndiye aliyenishika kichwa nikinywa uji, kijiko baada ya kijiko, wauguzi wakiwa hawatoshi. Uji haukuwa na ladha, nilikuwa nameza joto tu. "Kunywa," anasema, "hata gari halipendi dizeli lakini linakunywa."

Hadija alikuwa anaruhusiwa kusimama dirishani. Kila akija namwuliza, "Baba yako anaendeleaje?"

"Ametolewa, mama. Yuko kwa baba mkubwa. Anakula."

"Anakula nini?"

"Uji. Na mlenda kidogo."

"Mwambie Idi asimpe tangawizi, inamchoma koo. Na sweta lake la kahawia liko kwenye begi la juu."

"Nitamwambia."

Nikafurahi. Nikasema Mungu mkubwa, kumbe yeye ndiye alikuwa afadhali. Siku moja nikamwomba Hadija aniletee chupa yangu ya mafuta ya asumini, nijipime pua kama imerudi. Akatengeneza mtandio wake, akasema sawa. Kesho yake akaileta. Nikajipaka shingoni na viganjani, nikanusa, nikanusa, nikasikia kitu kidogo sana kwa mbali. Nikamwambia Mama Ndahani, pua inarudi! Akasema, "Vizuri. Maana mumeo akikuona ulivyokonda atadai arudishiwe mahari, angalau unukie." Nikacheka mpaka mpira wa hewa ukachomoka. Yeye akageukia ukutani akajifunika gubigubi. Nilidhani amelala.

Wodi nzima walijua. Wauguzi walijua, mfagizi alijua, Mama Ndahani aliambiwa na Hadija kwa kunong'onezwa akaombwa asiseme. Shabani alikufa kesho yake baada ya kufika. Mtungi alipata, tena bila kusubiri, ila walisema mapafu yalikuwa yameshachoka. Alizikwa na watu wachache, jioni, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa nimejipaka asumini, mume wangu yuko udongoni. Nilikuwa mjane ndani ya eda, nacheka.

Siku ya kuruhusiwa, Musa alinishusha mlangoni. Niliwaona wanawake wamekaa uani kwenye mikeka, juu yao lile turubai limekunjwa pande, limekuwa kivuli. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mgonjwa anarudi nyumbani baada ya muda wote ule na hakuna kigelegele! Nikasimama. Nikamtazama Hadija, akaanguka miguuni pangu palepale kwenye tope.

Namtaja na yeye. Hadija, mtoto wangu wa pekee. Najua daktari alisema nisishtuliwe. Najua aliogopa kukosa baba na mama kwa mpigo. Kila mtu ananiambia angefanya hivyohivyo, na mimi mwenyewe labda ningefanya. Lakini dua zile za mwanzo za kumwombea mume wangu nilizikosa, nikawa namwagizia sweta.

Ustadhi alikaa nje ya mlango akanieleza kwamba eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume, hata kama mke hajui. Miezi minne na siku kumi, na sehemu yake imeshapita. "Mungu amekupunguzia, mama," akasema. Alikuwa na nia njema. Mimi nilisikia nimeibiwa.

Nikakaa ndani. Nje mvua zikaisha, uwele ukakomaa, watoto wakawa wanafukuza ndege mashambani, nasikia kelele zao kwa mbali. Mwili wangu ulikuwa wa mtu mwingine. Kutoka kitandani kwenda chooni nashika ukuta, napumzika njiani, nakaa juu ya ndoo, naendelea. Nikichana nywele zinabaki kwenye kitana, mafungu kwa mafungu, mpaka Hadija akazinyoa zote. Moyo unakwenda mbio nimekaa tu. Pua ilirudi nusu, tena vibaya: sabuni inanuka mafuta ya taa, chai inanuka mafuta ya taa. Nilichukua mashati ya Shabani nikazika uso humo. Hayakuwa na mtu. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko kukonda, kuliko nywele: harufu yake ilikwisha ndani ya mashati yale huku mimi sina pua ya kuipokea.

Neema ndogo zilikuwepo, nisikufuru. Mama Ndahani alinipigia simu kutoka Gulwe. Mara ya kwanza alilia tu, akasema, "Mwenzangu, nilicheka na wewe nikijua. Nisamehe." Nikamwambia bila wewe ningekufa njaa. Tangu hapo alipiga kila juma, na treni ikipita karibu na kwake anainua simu nisikie, kwa sababu alijua sitoki nje.

Idi alikuja dirishani mara nyingi. Anasalimia, anakaa nje kwenye ngazi, anangoja. Sikumjibu hata mara moja. Nasikia anaondoka anaburuza ndara.

Kipupwe kikaingia, mavuno yako ndani, eda yangu imebakiza kidogo. Ugonjwa ukarudi mjini mara ya tatu. Siku moja adhuhuri mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa Idi, Mama Athumani, hana hata mtandio kichwani.

"Mwajuma, mdogo wangu. Njoo umtazame Idi."

"Niko eda."

"Najua. Ni mlango wa pili tu, uani humuhumu. Mimi sijui ninachokiona. Wewe ulikiona."

Nilikaa. Sitadanganya kwamba niliruka. Nilikaa juu ya kitanda nikamtazama mwanamke yule, na kuna kitu ndani yangu kikasema: mwache. Ana ndugu zake, anasomewa dua.

Halafu nikajitanda nikaenda. Kupitia mlango wazi nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kidevu juu, mabega yanapanda. Shabani kabisa. Hata masikio yake ya kusimama yalikuwa ya Shabani. Athumani alikuwa ameegemea ukuta na simu mkononi.

"Mpelekeni sasa hivi," nikasema.

"Mama mdogo, wazee wa Kondoa—"

"Wazee watakuta kaburi. Mpigie Musa."

Athumani akamtazama baba yake. Hata yeye, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa anangoja baba aseme. Idi akainua macho kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana tangu mazishi ambayo sikuyaona.

"Mwajuma," akasema, akavuta. "Unaniambia. Kweli?"

"Shemeji, nyamaza. Usimalize pumzi. Simama twende."

Akasimama. Kwa neno langu mimi, mwanamke, mke wa mdogo wake, akasimama akaenda.

Amepona. Alirudi mwembamba, ndevu zote nyeupe. Eda yangu ilipokwisha alikuja, akakaa kibarazani, nikampa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "siku ile ningekusikiliza—"

"Usiseme."

"Nataka unisamehe."

"Kwa Mungu nimekusamehe. Kwangu mimi bado. Kunywa chai."

Akanywa. Mpaka leo hajauliza tena. Asubuhi nikisikia anakohoa uani nafurahi yupo, halafu nakasirika kwamba yupo, halafu naingia jikoni.

Wewe unayesoma, kama umekaa na mtu wako ambaye hawezi kulala, anakaa ukingoni mwa kitanda anavuta hewa kwa mabega, na umeambiwa wakubwa wako njiani wanakuja, weka karatasi hii chini. Usiimalize. Mshike mkono, mtoe nje, simamisha gari lolote.